Aliyeitika Kutoka Ziwani

Tulimwaga majivu ya baba jioni, jua likikaribia kugusa maji. Haikupangwa hivyo. Tulitoka Kisii alfajiri ili tumalize mapema nirudi kufungua duka, lakini nahodha tuliyemkodi Homa Bay, bwana mmoja mnene kwa jina Owiti, alikuwa na injini ya kubembelezwa. Ilipokubali kuwaka, magugu maji yalikuwa yameziba ufuo mzima, ikabidi tuzunguke mbali sana kutafuta maji safi. Ndugu yangu Ankit, anayeishi Uingereza, alikuwa akinipigia simu kila mara ili atazame kwa video na kutoa maagizo. Mtandao ulipokatika nilishukuru.

Nilikuwa nimechoka. Nasema mapema ili mtu asitarajie ushujaa kutoka kwangu. Kwa miezi mingi nilimuuguza baba katika chumba kilicho juu ya duka letu la vitambaa. Mchana nauza vitambaa vya sare za shule, usiku nasikiliza kikohozi chake. Baba yangu, Umesh Popatlal, alizaliwa Kisii, akafanya kazi Kisii, akafia Kisii. Katika juma lake la mwisho aliniomba neno moja tu.

"Heena, nichomeni, kisha nimwageni majini. Nimwageni nyote... yaani mimi nzima. Msinigawe."

Hata akikaribia kufa alikosea maneno akacheka. Nikamwahidi. Kumbe kuahidi ndiyo kazi rahisi.

Mtu wa tatu katika mashua alikuwa Mzee Ongeri, fundi wetu wa cherehani. Ameshona kwenye baraza ya duka letu tangu mimi natambaa. Kwao ni Ikonge, kule kwenye chai. Ongeri alimwita baba "Tata", maana yake baba, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilitaja jina lake. Wakisii wana heshima yao wanayoiita chinsoni. Anayestahili kuwa baba yako humtazami machoni, na jina lake hulichezei mdomoni. Ongeri aliizidisha. Akizungumza na baba alikuwa akitazama vifungo vya shati lake.

"Mami," aliniambia pale majini, "nipe nimshike kidogo. Nimuage."

Nikampa chungu cha majivu. Akanigeuzia mgongo, akainama, akaomba kwa Kikisii kwa sauti ya chini. Nilimwacha. Nani angemnyima? Aliponirudishia nilifungua kitambaa chekundu nikamwaga. Majivu yakaelea kidogo, yakatawanyika, yakazama. Nilitarajia nilie. Nilichosikia ni maumivu ya kiuno.

Ndipo injini ikazima.

Owiti aliivuta kamba mpaka akatoka jasho la mwili mzima. Upepo nao ukaanza kuamka. Akachukua kasia, akaelekeza mashua kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa mbele yetu, kilima cha mawe chenye taa mbili tatu chini yake.

"Tutalala hapa," alisema. "Kesho nitaomba plagi kwa wavuvi. Msijali, ni watu wazuri. Ila msikae nje."

Hakueleza zaidi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Siku nyingine ningefurahia kukiona kisiwa kile. Nyumba zote zilikuwa za mabati, zimebanana kwenye ukingo wa maji kana kwamba kilima kinazisukuma. Nyavu zilitandazwa chini na omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wamekauka juu yake, wanang'aa. Kulikuwa na kinyozi, kanisa la mabati, duka la kuchaji simu, na mbuzi juu ya kila jiwe. Nilipita na viatu vyangu vya mjini vikizama mchangani. Watu walitusalimu vizuri. Lakini kadiri giza lilivyoingia niligundua jambo. Akina mama walikuwa wakiwaita watoto waingie ndani, na kila mtoto aliitwa kwa majina mawili, lake na la baba yake. Kila mtoto. Hata wa kunyonya aliyekuwa mgongoni mwa dadake, mamake alimtaja kwa majina yote mawili.

Nikadhani ni adabu yao. Nikaendelea kutembea.

Mwenye hoteli alikuwa mwanamke wa Nyamira. Tulimtambua kwa mkungu wa ndizi uliokuwa unaning'inia mlangoni. Jina lake Nyanchama. Alikuja kisiwani kuuza ndizi, akaolewa, akafiwa, akabaki. Alipomsikia Ongeri akinong'ona Kikisii aliruka kumsalimu.

"Bwairire, tata! Mmetoka nyumbani?"

Ongeri nusura alie. Walisalimiana mpaka nikakaa chini bila kukaribishwa. Nyanchama alinichemshia ndizi kwa sababu kwetu hatuli samaki, akamkaangia Ongeri mbuta mzima, akampelekea Owiti chake kwenye mashua. Ongeri alikula nusu tu. Mkono wake mmoja haukutoka mfukoni mwa koti. Kisha akasema anaenda kunyoosha miguu.

Nyanchama aliutazama mlango ulivyofungwa.

"Anaenda wapi huyo mzee?"

"Kunyoosha miguu."

"Umemwambia asiite mtu?"

"Amwite nani? Hajui mtu huku."

Akaisogeza taa ya sola, akakaa karibu yangu. Alinuka moshi na ndimu. Akanong'ona.

"Mami, hapa giza likiingia hatumwambii mtu 'twende nyumbani'. Hata mtoto hatumwambii. Tunasema 'tupande juu'. Na ukiita mtu, uite majina yote, ajulikane ni nani."

"Kwa nini?"

"Ziwa limekula watu. Wengine walipatikana wakazikwa. Wengine hapana. Sio wabaya. Mimi nimekaa nao. Ni watu wamechoka, wanataka kwao. Sasa ukiita bila jina... yeyote anaweza kusema ni yeye."

Kusema kweli niliwahurumia. Kuchoka nakujua. Nilikuwa nataka kumwuliza kama mume wake naye hakupatikana, nikakosa namna.

Ndipo tukasikia sauti nje.

"Tata..."

Kijiko cha Nyanchama kilisimama hewani.

"Tata. Togende nka."

Ilikuwa sauti ya Ongeri, ya upole, ile aliyoitumia kumwamsha baba alipolala juu ya kaunta. Baba, twende nyumbani. Akarudia mara ya tatu. Wakisii wakienda kumchukua marehemu wao mahali pa mbali, humwambia hivyo ili asibaki ugenini. Nimeyasikia maneno hayo kwenye mochari ya mjini mara nyingi. Wakamba, Waluhya, karibu kila mtu ana namna yake ya kusema hivyo. Sikuwahi kuyaogopa.

Halafu, kutoka majini, mtu akakohoa.

Nilisimama kabla sijafikiri. Nyanchama alinishika sketi, nikajinasua, nikatoka. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Ongeri alikuwa amepiga magoti ukingoni, viganja viwili mbele, na juu ya viganja leso nyeupe iliyofungwa fundo. Maji mbele yake yalikuwa yakitikisika taratibu. Kulikuwa na harufu ya tope la chini, lile linalopanda na nanga.

Mchangani kulikuwa na nyayo. Zilitoka majini. Zilifika mpaka mbele ya magoti ya Ongeri, zikakomea hapo.

Hapakuwa na mtu juu yake.

"Umeshika nini?" niliuliza.

"Ni kidogo tu, mami. Kifupa tu. Hata jino ni kubwa kuliko hiki."

"Ulikitoa kwenye chungu."

"Nilikitoa."

"Mzee Ongeri, baba alisema asigawanywe!"

"Nilisikia." Alikuwa akilia, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Lakini mtu mzima akose kaburi, mami? Mtu aliyewapa watoto wangu wote sare ya kwanza? Tukitaka kumwambia kitu tutaenda wapi, tusimame tuongee na ziwa? Nitamweka kwangu, mkono wa kulia wa nyumba, pahali pa mwenye boma. Na amekubali. Umemsikia akiitika."

Nyanchama alikuwa mlangoni. Hakukanyaga nje.

"Tupa, mami," alinong'ona. "Tupa hicho kitu majini sasa hivi. Na huyo aliyetoka umwambie arudi. Umtaje jina."

"Jina gani?"

"Lile mmemwita nalo."

Tukatazamana. Hatukuwa tumeita jina. Ongeri alikuwa amesema Tata tu, kama kawaida yake, na akina baba ziwani ni wengi.

Niliichukua leso viganjani mwake. Ilikuwa nyepesi mno. Nikainua mkono ili nirushe.

Kikohozi kikaja tena. Safari hii kilikuwa karibu na sikio langu, cha chini, kilichozuiwa na kiganja, kikohozi cha mtu asiyetaka kukuamsha. Kilikuwa kimejaa maji, hilo nililisikia vizuri. Lakini kwa miezi mingi kikohozi kilininyima usingizi, na tangu kinyamaze sikuwa nimelala kabisa. Nilimkumbuka baba yangu. Nilitaka awe mahali ninapoweza kufika kwa gari, nikakae kando yake nimwambie habari za duka. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kutimiza ahadi.

Nikamrudishia Ongeri leso.

"Twende tukalale," nilisema.

Nyanchama alitufungulia mlango. Baadaye alinipa namba yake ya simu, akasema nimtumie leso mbili za maua za kujifunga nikifika mjini. Nadhani alitaka tu awe na njia ya kunifikia.

Asubuhi Owiti alikuwa amepata plagi. Injini iliwaka mara moja, lakini yeye hakuondoka. Alitazama ubavu wa mashua, akatazama maji.

"Mmenunua samaki?"

"Hapana."

"Mbona imekaa chini hivi?"

Akaondoa mashua hivyo hivyo. Njia nzima alichota maji yaliyokuwa yakiingia, na hapakuwa na wimbi. Ongeri alikaa kwenye ubao wa nyuma, amejisogeza pembeni kabisa, akiacha nafasi kubwa kando yake. Niliinamisha kichwa nikalala. Sioni haya kusema. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu baba augue.

Ongeri alikizika kile kifupa Jumapili iliyofuata, nyuma kidogo ya migomba, mkono wa kulia wa nyumba yake. Mkewe Phanice alipika chai ya maziwa, mzee wa kanisa akaomba kwa kifupi akitazama saa yake, nami nikaweka maua. Sikumwambia Ankit. Nilirudi mjini nikiwa mwepesi.

Mwanzoni Ongeri alikuwa na furaha hata ikanikera. Kila asubuhi kwenye cherehani alinipa habari. Tata amekohoa jana jioni. Tata amepita nyuma ya jikoni. Nilimwonea wivu, mimi mtoto wa kuzaliwa ambaye sikuwa nimetembelewa. Halafu habari zikapungua. Halafu akaacha kuja kazini, na Phanice akanipigia simu.

"Mami, njoo umwone. Anakohoa. Na viatu vya babako vilikuwa saizi gani?"

"Sita. Alikuwa mtu mdogo. Kwa nini?"

"Njoo tu."

Niliendesha gari mpaka Ikonge siku hiyo hiyo. Nilifika jua linaingia, ukungu unashuka juu ya majani ya chai. Phanice hakunisalimia. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni, akanionyesha. Nyayo za mguu mtupu, kubwa, pana, za mtu wa miraba minne. Zilikuwa na maji ndani, na mvua haikuwa imenyesha. Harufu niliijua.

"Anatuomba samaki," Phanice alinong'ona. "Kila jioni. Mimi nilidhani nyinyi hamli."

Nikaenda mbele kumtafuta Ongeri, naye akanifuata.

Ongeri alikuwa kwenye kiti mbele ya migomba, blanketi mabegani, amekonda vibaya sana. Alitabasamu aliponiona.

"Yuko hapo, mami. Msalimie."

Nikatazama kwenye migomba.

Mtu alikuwa amesimama kati ya shina na shina. Mrefu. Mgongo wake kwetu, mabega yameinama, nguo zimemganda mwilini. Maji yalimdondoka kwenye vidole... tone, tone... juu ya majani makavu. Hakuwa na ukali wowote. Alisimama jinsi anavyosimama mtu aliyetembea sana akafika, akakuta si kwao.

"Mzee Ongeri," nilisema polepole, "umewahi kumwona uso?"

Ongeri aliinamisha macho. "Mimi nimtazame Tata usoni?"

Miaka yote hiyo. Hakujua baba alikuwa na kovu juu ya nyusi. Hakujua hata urefu wake vizuri, kwa maana kila alipokuwa mbele yake alikuwa ameinama. Ningecheka kama ningekuwa mahali pengine.

"Mwite kwa jina."

"Siwezi. Mami, usinilazimishe."

"Basi nitamwita mimi."

Kwetu pia mtoto hataji jina la baba yake hivi hivi. Nilijishika kwenye mgomba.

"Umesh," niliita. "Umesh Popatlal!"

Majani hayakutikisika. Matone yakaacha kudondoka. Yule mtu aligeuza kichwa kidogo, nusu tu, sikio moja likiwa upande wetu, akauliza kwa sauti ya upole, sauti iliyochoka kuliko yangu.

"Huyo ni nani?"

Phanice alipiga kelele akakimbilia ndani. Mimi sikuweza hata hilo. Nilipotazama tena palikuwa na migomba tu, na dimbwi dogo la maji linalonywewa na udongo.

Ongeri alikuwa amesimama, blanketi limeanguka. Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

"Kama si yeye," alisema, "Tata tumemwacha wapi?"

Nilimsihi tufukue kile kifupa usiku huo huo tukirudishe. Alitikisa kichwa, akasema kaburi likishafungwa halifunguliwi na aliyelichimba, na hata tukifukua, yule mgeni naye ataenda wapi? Alikuja kwa kuitwa. Nilimwambia basi tumtafutie jina lake, tuulize kisiwani ni nani hajapatikana. Akauliza nianze na yupi. Kikohozi kikamkamata akashindwa kuendelea. Kilikuwa kimejaa maji.

Nilipofika garini simu ililia. Ilikuwa namba ya Nyanchama, na kwanza nilidhani anaulizia leso zake.

"Mami Heena," alinong'ona. Nyuma yake nilisikia maji yakipiga mawe. "Samahani kukusumbua. Kuna mzee mfupi hapa ufuoni. Amekuja kila jioni tangu muondoke. Ana kovu hapa juu ya jicho. Hasumbui mtu. Anaangalia tu kila mashua inayotoka, halafu ananiangalia mimi."

Niliibana simu sikioni.

"Leo ameniuliza kama nyinyi mmeshakwenda," Nyanchama alisema. "Nimwambie nini?"